Moshi wa kipupwe Tabora: namna ya kujua hewa chafu inatoka wapi

Ikifika Juni, mji wa Tabora hubadilika rangi. Asubuhi utusitusi wa kijivu hulala juu ya miembe na mabati, jua huchomoza jekundu, na kufikia Septemba hata mchana wa jua kali hauoni mbali kama ulivyoona Machi. Ukiuliza sababu, kila mtu ana mshitakiwa wake. Mkazi wa mjini atataja malori na bodaboda. Mwingine atataja tumbaku, maana mkoa wenyewe unajulikana kwa tumbaku. Bwana misitu atamtaja mchoma mkaa, na mchoma mkaa atakuambia ni wafugaji wanaochoma nyasi ili zichipue upya. Wote wameona kitu cha kweli. Wanapopotea ni pale wanapodhani kwamba moshi unaoonekana sana ndio unaovutwa sana.

Miji mikubwa ya nchi za baridi ilianza kuhangaika na swali hili zamani. London, kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe ulinaswa juu ya jiji kwenye hewa tulivu na baridi. Hesabu ya mwanzo ilikuwa vifo takriban 4,000. Tafiti za baadaye zilipandisha makadirio hadi 12,000. Pale mkosaji hakuhitaji kutafutwa sana, kwa kuwa nyumba, viwanda na vituo vya umeme vyote vilikuwa vinachoma kitu kilekile. Leo kazi ni ngumu zaidi. Delhi ikifika Novemba, moshi wa mabua yanayochomwa mashambani katika majimbo ya Punjab na Haryana huchanganyika na wa magari, matanuri ya matofali, majiko na takataka, na mchango wa mabua hayo unaweza kuwa mdogo kabisa leo na kupita theluthi moja ya uchafu wote siku chache baadaye. Anayeuliza "mabua yanachangia asilimia ngapi" bila kutaja siku anapata jibu lisilo na kazi.

Tabora si Delhi. Lakini mbinu zilizotengenezwa kwa ajili ya Delhi, Beijing au Kraków ya Poland zinafanya kazi hapa pia, ukishajua zinadanganya wapi.

Mfuniko wa usiku

Kinachopimwa zaidi ni chembe laini zinazoitwa PM2.5, yaani zenye upana usiozidi mikromita 2.5. Unywele wa mtu una upana wa mikromita 50 hadi 70 hivi, kwa hiyo chembe hizi hazionekani mojamoja, na udogo huo ndio unaoziwezesha kufika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa, na wastani wa saa 24 usizidi 15.

Usiku wa kipupwe mara nyingi hauna mawingu. Ardhi hupoteza joto haraka, hewa inayoigusa inapoa, na juu yake inabaki hewa yenye joto zaidi. Hewa ya baridi ni nzito, haipandi. Moshi unaotoka chini unabaki chini, kama uliofunikwa kwa mfuniko wa sufuria. Jua likipanda, ardhi inapata joto, hewa inaanza kuchemka kwenda juu na mfuniko unafunguka. Mchana wa Septemba hewa ya juu ya uwanda wa Tabora inaweza kujichanganya hadi zaidi ya mita 2,000 kutoka ardhini. Usiku nafasi hiyo inaweza kubaki mita 100 tu au pungufu.

Tufanye hesabu, tena ya makusudi iwe rahisi. Chukua nyumba 20,000 zinazopika kwa kuni, kila moja ikichoma kilo 3 jioni. Kilo moja ya kuni kwenye mafiga hutoa gramu 5 hadi 10 za chembe laini, tushike 7. Jumla ni kilo 420. Zisambaze katika mji wenye upana wa kilomita 5 kwa 5, mfuniko ukiwa mita 100 juu: unapata mikrogramu 168 kwa mita ya ujazo. Moshi uleule, kuni zilezile, mfuniko ukiwa mita 1,000: mikrogramu 17. Hali halisi itakuwa tofauti, kwanza kwa sababu upepo, hata mwepesi, huondoa sehemu ya moshi kabla hata chakula hakijaiva, pili kwa sababu nyumba nyingi za mjini zinatumia mkaa au gesi. Hata hivyo mara kumi hiyo ni ya kweli, na imetokea bila mtu yeyote kuongeza hata kijiti.

Ndiyo sababu kupanda kwa namba usiku hakuthibitishi kwamba kuna aliyeanza kuchoma kitu kipya. Na kushuka kwake saa nane mchana hakuthibitishi kwamba moto wa porini umezimika. Kwa kawaida saa hizo ndizo unazowaka zaidi.

Saa ndiyo shahidi wa kwanza

Kwa kihisi cha bei nafuu, kile kinachohesabu chembe kwa mwanga wa leza, mtu anaweza kupata kipimo kila baada ya dakika chache. Namba yenyewe isiaminiwe sana. Umbo la mstari wake kutwa nzima ndilo lenye habari.

Moshi wa majiko hupanda mara mbili: kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, kisha kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Takataka na majani ya miembe yaliyofagiwa huchomwa zaidi asubuhi, wakati mfuniko haujafunguka, na huonekana kama miiba mikali ya dakika 20 au 40 kwenye kihisi kimoja huku cha mtaa wa pili kikiwa kimya. Vumbi la barabara za udongo hufuata magari na upepo, kwa hiyo hupanda mchana, hasa Agosti na Septemba. Moshi wa porini una tabia ya pekee: vihisi vyote vya mji hupanda pamoja, taratibu, na hukaa juu kwa saa nyingi au siku kadhaa. Wakati mwingine hufika saa 3 au saa 4 asubuhi, majiko yakiwa yameshapoa. Ni moshi uliosafiri usiku juu ya mfuniko, ambao asubuhi hewa ikianza kujichanganya huvutwa chini. Asiyejua hilo hutafuta kiwanda ambacho hakipo.

Hapa kuna kosa dogo linaloharibu kazi nzima. Vihisi vingi huhifadhi muda wa dunia, ambao uko nyuma ya wa Afrika Mashariki kwa saa 3. Kilele kilichoandikwa 04:00 kwenye jedwali kimetokea saa 1 asubuhi, wakati wa chai. Anayesoma 04:00 akaielewa kuwa saa 10 alfajiri ataandika kwenye ripoti kwamba jikoni hakuhusiki, kwani nani anapika saa hizo? Kabla ya kuchora mstari wowote, choma karatasi mita chache kutoka kwenye kihisi, andika saa ya ukutani, kisha tazama jedwali limeandika saa ngapi.

Kalenda inamwachilia nani

Baada ya saa, msimu. Tumbaku ya Tabora kwa sehemu kubwa ni ya mvuke, inayokaushwa kwenye mabani kwa joto la kuni. Inapandwa mvua zikianza, huvunwa na kukaushwa zaidi kati ya Februari na Aprili, kisha masoko yanafunguliwa. Mabani hula kuni nyingi mno, na hilo ni janga la msitu, lakini hayawezi kuwa chanzo cha utusitusi wa Septemba kwa kuwa Septemba hayawaki. Anayetaka kuupima moshi wa mabani aweke kifaa Urambo au Sikonge mwezi Machi.

Matofali ni kinyume chake. Yanafyatuliwa na kuchomwa kiangazi, kwa sababu mvua huyaharibu kabla hayajaiva. Moshi wa tanuri lenyewe hubadilika kadiri linavyowaka. Likiwashwa tu hutoa moshi mweupe mzito unaoonekana kutoka mbali, ambao sehemu yake kubwa ni mvuke wa maji yaliyobaki ndani ya matofali. Moto ukishakolea moshi hupungua na juu ya tanuri huonekana hewa ikitetemeka kwa joto. Kisha midomo inazibwa kwa tope, magogo yanakosa hewa, yanafuka badala ya kuwaka, na hapo kila kilo ya kuni inatoa chembe nyingi kuliko ilipokuwa na mwali. Mpita njia atapiga picha moshi mweupe wa mwanzo. Jirani anayelala upande unakoelekea upepo atakohoa usiku tanuri likiwa limezibwa, na asubuhi hana picha ya kumwonyesha mtu.

Moto wa porini katika miombo huanza Mei nyasi zikikauka na huendelea hadi mvua za Novemba. Ule wa mapema, unaochomwa kwa mpango ili kupunguza nyasi kabla ya kiangazi kikali, huunguza kidogo lakini hufuka sana kwa kuwa majani bado yana maji. Moto kichaa wa Septemba na Oktoba huwaka safi zaidi kwa kila kilo, ila unakula kilo nyingi mno. Mwishoni mwa kiangazi huongezeka moto wa kusafisha mashamba.

Takataka huchomwa mwaka mzima. Kilo moja ya taka zilizochomwa ovyo hutoa gramu 10 hivi za chembe laini. Lori kuukuu la dizeli linaweza kutoa nusu gramu hadi gramu moja kwa kila kilomita. Chungu cha kilo 5 cha majani mabichi, mifuko na chupa ni sawa na lori hilo kwenda kilomita 50 hadi 100, yaani kushika barabara ya Nzega na kwenda sehemu nzuri ya safari, na moshi wote huo umetolewa mlangoni kwa mtu. Bodaboda za sasa, nyingi zikiwa na injini ya mipigo minne, kwa chembe laini ni mshitakiwa mdogo kuliko kelele zake.

Upepo na ramani yenye nukta nyekundu

Setilaiti huona moto. Mfumo wa FIRMS wa NASA uko wazi kwa kila mwenye intaneti, na ramani yake huweka nukta nyekundu mahali palipoonekana joto la moto, kwa kifaa kimoja katika miraba ya mita 375 na kwa kingine ya kilomita 1. Kiangazi, magharibi ya Tanzania hujaa nukta hadi mtu anaogopa.

Ramani hiyo inasomwa vibaya mara nyingi. Nukta ni moto, si moshi. Setilaiti hupita mara chache kwa siku, moto uliowashwa na kuzimika katikati haumo. Majiko, chungu za taka na matanuri mengi ya matofali ni madogo mno kuonekana, kwa hiyo ramani itakuonyesha mshitakiwa mmoja tu, wa porini, nawe utamhukumu kwa sababu ndiye pekee aliyefika mahakamani.

Lingine ni upande. Kiangazi upepo unaotawala Tabora hutoka mashariki na kusini-mashariki. Kaliua na Urambo wako magharibi, Ugalla kusini-magharibi. Nukta mia moja kule, siku nyingi, ni habari ya Kigoma kuliko ya Tabora mjini. Anayejali mji wa Tabora atazame kusini na mashariki mwa Uyui, upande wa Sikonge, na mbali zaidi kuelekea Itigi. Njia ya hewa inaweza kufuatiliwa kwa programu ya HYSPLIT ya NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, nayo ni ya bure: unaweka mahali, saa na kimo, nayo inachora hewa hiyo ilikotoka saa 24 au 48 zilizopita. Chora kwa vimo vitatu, mathalani mita 100, 500 na 1,500. Mistari ikienda pande tofauti kabisa, usiitegemee siku hiyo.

Kigoma ina ugumu wake. Mji umekaa kati ya Ziwa Tanganyika na milima, na upepo wake hugeuka kila siku: mchana unatoka ziwani kupanda nchi kavu, usiku unashuka kutoka milimani kwenda ziwani. Moshi uliotoka mjini usiku na kulala juu ya maji unaweza kurudi na upepo wa mchana. Kipimo kinachopanda saa 6 mchana upepo ukitoka ziwani hakithibitishi kwamba moshi umevuka kutoka Kongo. Huenda ni wa mitaa ya Ujiji na Mwanga yenyewe, wa jana.

Njia rahisi ya kutenganisha uchafu wa mji na wa kutoka nje ni kuweka vituo vitatu: kimoja nje ya mji upande upepo unakotoka, kimoja katikati ya makazi mbali na barabara, kimoja kando ya barabara kuu. Berlin ni mmoja wa miji iliyotumia hesabu hii. Tuseme nje ni mikrogramu 20, makazini 55, barabarani 60: basi 20 zimekuja na upepo, 35 ni za mji, 5 ni za barabara hiyo. Hesabu hii inavunjika kituo cha nje kikiwekwa upande moshi wa mji unakoelekea, au jirani yake akiwa na tanuri. Vihisi vyenyewe lazima kwanza vikae pamoja mahali pamoja kwa wiki moja au mbili. Viwili vya aina moja vinaweza kutofautiana vya kutosha kuumeza ule mchango wa mikrogramu 5 wa barabara.

Viwekwe mita 2 hadi 3 kutoka ardhini, hewa ipite pande zote, visiwe chini ya upenu wa jiko wala ukutani juu ya banda la chipsi. Na usitumie namba ya PM10, yaani chembe zote zisizozidi mikromita 10, ya kihisi cha leza kuamua kama ni vumbi. Katika vipimo vya kweli, PM2.5 ikiwa chini ya asilimia 40 hivi ya PM10 ni dalili ya vumbi, ikipita 70 ni dalili ya moshi. Vihisi vingi vya bei nafuu haviioni vizuri chembe kubwa; vinaibuni PM10 kutoka kwenye chembe ndogo, kwa hiyo uwiano wake hubaki uleule hata lori likipita na wingu zima la vumbi. Masika yana tatizo jingine: hewa ikiwa na unyevu mwingi chembe hunyonya maji na kuvimba, matone ya ukungu nayo huhesabiwa, na asubuhi ya Februari huonekana chafu kuliko ilivyo. Anayelinganisha Februari na Agosti bila kurekebisha unyevu atapunguza tofauti bila kujua.

Ndani ya filta

Saa, msimu na upepo vinakupa watuhumiwa. Kupata kiasi, inabidi chembe zenyewe zikamatwe na zichunguzwe. Mashine ya kawaida huvuta lita 16.7 za hewa kwa dakika kupitia kichwa kinachozuia chembe kubwa. Kwa saa 24 ni mita za ujazo 24. Hewa ikiwa na mikrogramu 50, filta nzima inabeba miligramu 1.2. Kwa uzito huo, alama ya kidole ni mzigo. Filta hushikwa kwa kibanio, hupimwa kabla na baada kwenye mizani inayosoma mikrogramu, katika chumba chenye nyuzi 20 hadi 23 na unyevu wa asilimia 30 hadi 40. Zinahitajika za aina mbili: ya tefloni kwa uzito na metali, na ya kwazi kwa kaboni, ambayo kwanza huchomwa kwenye tanuri la maabara iondoe mafuta iliyokuwa nayo tangu kiwandani. Zikisafirishwa kwa basi kwenda maabara Dar es Salaam, ziwe kwenye boksi la barafu. Katika kila filta kumi, moja ipite hatua zote bila pampu kuwashwa, ili ujue ni uchafu gani umeingia njiani.

Kukatika kwa umeme kunaleta hila ambayo haimo katika vitabu vya Ulaya. Umeme ukikatika kuanzia saa 1 hadi saa 4 usiku, pampu imelala wakati ule hasa majiko yanawaka na mfuniko unashuka. Filta itaonyesha siku safi yenye moshi kidogo wa jikoni, na hakuna kemia itakayogundua. Betri ya kutosha usiku mzima ni muhimu kuliko mashine ya pili. Ratiba nayo isiwe kila baada ya siku 7, maana utakamata siku ileile ya wiki mwaka mzima. Chukua kila siku ya tatu au ya sita ili siku zizunguke. Kila siku ya tatu hukupa filta 120 hivi kwa mwaka, nazo zinatosha kwa hesabu inayofuata.

Kila chanzo huacha alama. Udongo una alumini, silikoni, chuma na titani. Kuni na nyasi zikiungua hutoa potasiamu na levoglukosani, sukari inayozaliwa selulosi ya mmea ikipasuka kwa joto. Breki huacha shaba na antimoni, matairi huacha zinki, na mafuta mazito ya meli na mitambo huacha vanadi na nikeli. Plastiki zenye klorini huacha klorini. Masizi meusi hutoka kwenye dizeli, na kipima masizi kinachotumia mwanga wa rangi kadhaa huweza kusema zaidi: masizi ya injini hunyonya rangi zote kwa mpangilio wa karibu sawa, moshi wa kuni hunyonya zaidi mwanga wa urujuanimno wa nanomita 370 kuliko ule wa 880.

Kwenye karatasi inapendeza. Tabora inapindika. Potasiamu imo pia kwenye udongo, na kiangazi udongo uko kila mahali, hivyo sehemu yake lazima itolewe kwanza kwa kufuata kiasi cha chuma au alumini. Levoglukosani huharibika moshi ukisafiri juani, kwa hiyo moto wa mbali huonekana mdogo kuliko ulivyo. Mkaa ni mtego mkubwa kuliko yote: selulosi yake iliungua tayari kwenye tanuri la mkaa huko porini, hivyo jiko la mkaa halitoi levoglukosani ya maana, na uwiano wa levoglukosani na moshi uliopimwa kwenye majiko ya kuni ya Ulaya ukiletwa hapa unalisahau jiko la mjini kabisa. Mkaa ukamatwe kwa gesi. Hutoa chembe chache lakini kaboni monoksaidi nyingi, kwa hiyo jioni ambapo gesi hiyo inapanda sana huku chembe zikipanda kidogo ni jioni ya mkaa. Koroboi nayo huvaa sura ya dizeli: asilimia 7 hadi 9 ya mafuta ya taa yanayoungua kwenye utambi wazi hugeuka kuwa masizi, karibu meusi matupu. Taa za sola zimeipunguza, lakini mahali inapowaka bado, masizi ya saa 2 usiku hayatoki barabarani.

Nchi za baridi zina sura moja ambayo hapa ni hafifu. Gesi ya oksidi za naitrojeni kutoka kwenye magari hukutana na amonia ya mbolea na mifugo, zikazaa naitreti ya amonia, chembe ambayo hakuna bomba lililoitoa. Chembe hiyo hupenda baridi na unyevu. Bonde la Salt Lake City, Marekani, huwa nayo kwa wingi majira ya baridi. Mchana mkavu wa Tabora wa nyuzi 30 huirudisha kuwa gesi, hata ikiwa tayari imeshanaswa kwenye filta. Ndiyo maana orodha ya vyanzo ya Beijing haiwezi kunakiliwa na kubadilishwa jina la mji.

Filta zikishachunguzwa, kompyuta hutafuta ni vitu gani hupanda na kushuka pamoja siku baada ya siku, na kuvigawa katika makundi. Kompyuta haitoi majina. Binadamu ndiye anayetazama kundi lenye alumini na silikoni akaliita vumbi. Shida ni kwamba usiku mfuniko ukishuka kila kitu hupanda pamoja, majiko na taka na dizeli, na kundi moja linaweza kuficha watatu. Kuni za jikoni na moto wa porini, vyote vikiwa miti ya miombo, vinakaribia kufanana kabisa kwa kemia. Kinachovitenganisha ni saa na upepo, yaani kile kihisi cha bei nafuu kilichodharauliwa mwanzoni. Filta za saa 12, moja ya mchana na moja ya usiku, husaidia kuliko za saa 24, ingawa gharama ni mara mbili.

Asilimia ya nini?

Mwishoni hutoka chati yenye asilimia, na hapo ndipo ugomvi huanza, mara nyingi bila sababu. Kuna mchango kwa tani zilizotolewa, na kuna mchango kwa hewa iliyovutwa. Msitu ukiungua unaweza kutoa tani nyingi kuliko majiko yote ya mji, lakini moshi wake unapaa juu mchana na kusambaa. Jiko linatoa gramu, ila linazitoa mita moja kutoka kwa mama na mtoto wake, chini ya mfuniko. Kraków ilipopiga marufuku kuchoma makaa ya mawe na kuni kuanzia tarehe 1 Septemba 2019, ililenga moto wa majumbani kwa sababu ya aina hiyo: bomba la nyumba liko chini, katikati ya watu.

Kwa hiyo chati ikiletwa kwenye kikao cha halmashauri, yako maswali ya kuiuliza kabla ya kuikubali. Ni PM2.5, PM10 au masizi? Vumbi linaweza kuongoza kwenye PM10 na kuwa la tatu kwenye PM2.5, kwa siku ileile. Ni wastani wa mwaka au wa siku mbaya? Wastani wa mwaka huyainua majiko na taka, ambavyo havina likizo. Siku kumi chafu kuliko zote pengine zitampandisha moto wa porini. Kipimo kilikuwa wapi, na umeme ulikatika mara ngapi? "Kuni" kwenye chati inajumuisha matanuri ya matofali, au yamewekwa kwenye "viwanda"? Mkaa umeonekana wapi? Na makosa ya makadirio ni kiasi gani: chati inayosema asilimia 22 bila kusema zaidi au pungufu kwa ngapi haijamaliza hesabu yake. Chanzo cha asilimia 22 na kingine cha 27, kila kimoja kikiwa na shaka ya 8 juu na chini, hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kipi kinakitangulia kingine.